Keki ya kwanza kwa asiye na oveni: anza na ya ndizi na mafuta

Swali: Shikamoo. Naishi Sakina, Arusha. Sikuwahi kuoka keki mpaka mwezi uliopita, nilipojaribu ya mayai sita kwa vipimo nilivyotumiwa na shangazi yangu wa Dar es Salaam. Nilichapa mayai kwa uma, nikafuata kila kitu. Keki ilipanda vizuri sana, halafu ikabonyea katikati na chini ikawa ngumu. Sina oveni, nina jiko la mkaa na jiko la gesi la mtungi. Mdogo wangu anapata kipaimara Desemba na ningependa keki ya siku hiyo niioke mwenyewe. Nianze na keki gani iliyo rahisi?

Jibu: Marahaba, mdogo wangu. Anza na keki ya ndizi inayolainishwa kwa mafuta ya kula, siyo siagi. Ikikubali mara mbili tatu mfululizo, ndipo uhamie kwenye machungwa au karoti, kwa unga na mafuta yale yale. Vipimo vyote nitakupa, lakini kwanza tuiangalie ile iliyobonyea, maana ukijua kilichoiangusha utaelewa kwa nini nakuchagulia hii.

Keki ya mayai sita, ambayo wengi wanaiita sponji, haina cha kutegemea ila hewa uliyoiingiza kwenye mayai kwa kuyachapa. Mayai na sukari yanatakiwa yachapwe mpaka yageuke meupe na mazito, kiasi kwamba ukiinua kifaa cha kuchapia, yanayodondoka yanaacha mstari unaokaa juu sekunde kadhaa ndipo uzame. Kwa mashine ya umeme hiyo ni kazi ya dakika nane hadi kumi. Kwa uma, mkono unachoka kabla povu halijakomaa, na mpishi mgeni hajui kwamba halijakomaa. Kisha unga uingizwe taratibu bila kulivunja povu, na chombo kiingie motoni papo hapo. Hapo kuna sehemu tatu za kukosea, na kosa lolote kati ya hayo halina dawa baada ya kutokea.

Halafu kuna mwinuko, jambo ambalo maelekezo mengi ya keki hayaligusi kabisa. Arusha mjini iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Dar iko pwani. Huku kwenu mgandamizo wa hewa umepungua kwa karibu asilimia 15, kwa hiyo kiputo kile kile cha gesi kinatanuka zaidi kikipata joto. Keki inapanda haraka mno, kuta za viputo zinavutika kupita uwezo wake, na zinapasuka kabla unga na yai havijashikana. Ndiyo maana uliiona imepanda vizuri kwanza, kisha ikashuka. Maji nayo yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100, unyevu unatoka mapema, na keki inakauka upesi. Shangazi hakukosea, vipimo vyake vinafaa kwa jiko lake. Mtu wa Moshi mjini, kwenye mita 800 hadi 900, ataliona tatizo hili kidogo tu. Aliye Marangu au Kibosho ya juu ahesabu kama yuko Arusha.

Najua utashauriwa pia keki ya kusaga Blue Band na sukari, kwa kuwa ndiyo iliyozoeleka majumbani. Ni keki nzuri sana, ila si ya kuanzia. Majarini na sukari lazima visagwe mpaka viwe laini na vyeupe, kwa sababu chembe za sukari ndizo zinazochimba vishimo vya hewa ndani ya mafuta. Kazi hiyo inataka majarini iliyolainika bila kuyeyuka. Arusha mwezi wa Julai inakuwa ngumu, mwiko haupiti; Moshi mwezi wa Februari, joto likipita nyuzi 30, inayeyuka mezani na haishiki hewa tena. Kisha ukitia mayai ya baridi kwa pupa, mchanganyiko unakatika na kuonekana kama maziwa yaliyoganda vibaya. Mwenye uzoefu anajua afanyeje. Anayeanza anadhani ameharibu, anaongeza unga, na hapo ndipo anapoharibu kweli.

Keki ya chokoleti iache ya pili au ya tatu. Kakao inakausha rojo (mchanganyiko wa keki kabla haujaiva), na rangi yake ya giza inakuficha usione keki inapoanza kuungua.

Sasa hii ya ndizi. Mafuta ni kimiminika wakati wowote, iwe Julai au Februari, kwa hiyo hayasagwi wala hayangojwi. Yanaipaka chembe ya unga mapema, na unga uliopakwa mafuta hauvutiki sana, hivyo keki inabaki laini hata mkono wako ukizidisha kidogo. Ndizi inabeba maji na sukari yake, jambo linalosaidia sana kwenye hewa kavu ya mwinuko. Kinachopandisha keki ni beking pauda, na hiyo inafanya kazi sawasawa kwa aliyeoka miaka mingi na kwa aliyeanza leo. Bakuli moja kubwa, uma na mwiko vinatosha.

Vipimo vya chombo cha duara chenye upana wa sentimita 20 na kimo cha sentimita 7 hivi:

Unga wa ngano, robo kilo
Sukari, gramu 150 (robo tatu ya kikombe)
Beking pauda, kijiko 1 na nusu cha chai kwa Arusha. Vijiko 2 kwa Moshi mjini
Chumvi, robo kijiko cha chai
Mayai 2 ya kisasa, au 3 ya kienyeji
Mafuta ya kula, nusu kikombe (mililita 125)
Ndizi mbivu zilizopondwa, kikombe 1
Maziwa yaliyochemshwa yakapoa, vijiko 6 vya chakula kwa Arusha; 4 kwa Moshi

Kikombe hapa ni mililita 250. Vikombe vya chai vya nyumbani vinatofautiana mno, kwa hiyo usikiamini chochote kabla ya kukipima. Chukua chupa ya maji ya nusu lita iliyojaa, mimina kwenye vikombe viwili vinavyofanana mpaka vilingane: ulipofika usawa wa maji ndipo penye kikombe chako. Weka alama. Kijiko cha chai ni mililita 5, cha chakula 15, na vyote vinasawazishwa kwa mgongo wa kisu. Kijiko cha beking pauda kilichojaa kilima kinaweza kukaribia viwili vilivyosawazishwa, na Arusha kosa hilo peke yake linatosha kuiangusha keki.

Unga usipime kwa kikombe kama unaweza kuepuka. Ukichota kwa kikombe moja kwa moja kwenye mfuko unaushindilia, na vikombe viwili vinaweza kuzidi robo kilo kwa gramu 50 au zaidi. Mwambie mwenye duka akupimie robo kwenye mizani, na kazi hiyo imekwisha. Angalia tu usipewe unga ambao tayari umetiwa kiumulishi, yaani kitu cha kuumua kama beking pauda, kiwandani. Ni mzuri kwa pwani, lakini ukiutumia huna uwezo wa kupunguza, na kupunguza ndiko tunakokuhitaji.

Sukari nimeiweka chini kwa makusudi. Sukari inachelewesha yai na unga kushikana. Ikizidi, keki inabaki teketeke muda mrefu huku gesi inaendelea kuisukuma. Usiongeze hata kama ulimi wako unapenda utamu. Ndizi zitaongeza zake.

Kuhusu beking pauda, ijaribu kabla: kijiko kimoja cha chai ndani ya maji ya moto kidogo. Itoe povu kwa nguvu mara moja. Ikitoa viputo vya uvivu, kopo limekaa wazi muda mrefu na halikufai. Na tafadhali usiibadilishe kwa magadi yoyote, yawe ya kuchemshia maharage na makande au yanayouzwa kwa watengeneza sabuni. Yatakupa keki ya kijani au kahawia yenye ladha ya sabuni, na ya sabuni hayastahili kuliwa.

Mafuta yawe yaliyosafishwa, yasiyo na harufu. Alizeti iliyokamuliwa kwenye mashine ndogo ni tamu kwenye mboga, lakini ndani ya keki harufu yake inazidi ndizi.

Ndizi zinataka uangalifu kuliko watu wanavyodhani. Zile fupi ziitwazo kisukari ni nzuri kuliko zote kwa kazi hii. Ganda liwe na madoa meusi mengi na tunda liwe laini kabisa. Kama sita hivi za ukubwa wa kawaida zinatoa kikombe kimoja, lakini pima kwa kikombe, usihesabu. Ukipata zile ndefu, mbili kubwa au tatu. Ndizi ambayo haijaiva vizuri bado ina wanga mwingi, na wanga huo unaifanya keki kuwa nzito. Iliyoanza kunuka pombe nayo iache. Mshare na nyingine za mtori zibaki kwenye mtori. Zaidi ya yote, usishawishike kutia kikombe kimoja na nusu kwa kuwa ndizi zimebaki. Hilo ndilo kosa la kwanza la keki hii, na matokeo yake ni tabaka zito, lenye unyevu, lililolala chini ya keki.

Kabla hujachanganya chochote, washa moto. Beking pauda ikigusana na kimiminika inaanza kutoa gesi hapo hapo, na rojo linalongoja jiko liwake linapoteza nguvu mezani.

Kwa mkaa, tafuta sufuria kubwa nzito yenye upana usiopungua sentimita 28, kuukuu ikiwezekana, kwa kuwa moto mkavu unaiharibu rangi. Tandaza mchanga mkavu, safi, kimo cha sentimita 2. Mchanga unagawa joto ili sehemu moja ya chini isiungue peke yake. Weka juu ya jiko, funika, acha ipate joto dakika 15. Usitie maji, hatuchemshi. Mfuniko uwe wa bati, bapa, au tumia sinia la bati linaloziba vizuri, kwa sababu juu yake patawekwa makaa.

Mgawanyo wa makaa ndio siri yote ya kuoka kwenye sufuria. Wengi wanaweka moto mwingi chini na kidogo juu. Joto linapanda, makaa ya chini yanapiga sufuria kwa nguvu yote, na ya juu sehemu kubwa ya joto lake linakwenda hewani. Kwa hiyo makaa yaliyokwisha kuwaka vizuri yagawe mafungu matatu: mawili juu ya mfuniko, yakizunguka ukingoni kuliko katikati, na moja tu chini. Kupima joto, nyunyiza unga kidogo kwenye kisahani cha bati, kiweke juu ya mchanga, funika dakika tano. Ukigeuka rangi ya dhahabu, moto ni sawa. Ukiwa kahawia iliyokolea, ondoa makaa chini. Ukibaki mweupe, ongeza juu.

Fanyia kazi hii nje au barazani. Asubuhi za Juni na Julai Arusha zinashawishi kuingiza jiko la mkaa ndani na kufunga madirisha. Hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haina harufu na inaua watu waliolala na hata walio macho.

Kwa gesi, sufuria na mchanga ni vile vile. Moto wa kati dakika 10 za kuipasha, kisha ushushe uwe mdogo kabisa unaoweza kukaa bila kuzimika. Keki itaiva vizuri ila juu itabaki na rangi hafifu, kwa sababu hakuna moto wa juu. Hilo si kosa, wala usiongeze moto kuitafutia rangi. Utapata chini iliyoungua. Kati ya majiko yako mawili, ningekushauri uanze na gesi kwa sababu moto wake haubadiliki ukigeuka, halafu ukiwa umeizoea keki uhamie kwenye mkaa kwa ajili ya rangi.

Sufuria ikiwa inapata joto, andaa chombo cha keki. Paka mafuta ndani, kata karatasi nyeupe isiyoandikwa ya duara, iweke chini, ipake mafuta nayo. Kuta nyunyizia unga kidogo, kisha gonga kinachozidi kitoke. Usitumie gazeti, wino unahamia kwenye chakula.

Ponda ndizi kwa uma kwenye bakuli kubwa mpaka vibonge vikubwa viishe. Vinundu vidogo havina neno. Tia mayai, piga mpaka ute na kiini visitofautiane. Tia sukari, mafuta, maziwa na chumvi, koroga kwa nguvu dakika moja au mbili. Hapa koroga unavyotaka, maana bado hakuna unga. Hakikisha ukisugua kwa vidole husikii chembe nyingi za sukari. Zisizoyeyuka ndizo zinazoacha madoadoa meupe na ya kunata juu ya keki.

Kwenye bakuli lingine chekecha unga na beking pauda pamoja, mara mbili. Mara ya kwanza unatoa vibonge, ya pili unaisambaza beking pauda. Ikikaa pamoja, mahali hapo patakuwa na shimo na uchungu.

Mimina unga wote kwenye kimiminika kwa mara moja. Chukua mwiko, zungusha kuanzia chini kuja juu, ukigeuza bakuli kidogo kidogo. Mizunguko 20 hadi 25 inatosha. Ukiona mistari ya unga mkavu imekwisha, acha hapo hapo. Rojo litakuwa na vinundu vidogo, na mkono wako utataka kuendelea mpaka liwe nyororo, uzuie. Unga wa ngano uliolowa, kadiri unavyokorogwa, unajenga nyuzi zinazovutika. Nyuzi hizo ndizo tunazozitaka kwenye chapati. Kwenye keki zinaifanya iwe ya mpira, na gesi ikitafuta njia inachimba mashimo marefu ya kusimama, ambayo utayaona ukikata kipande.

Rojo la kweli linadondoka kutoka kwenye mwiko kwa mafungu mazito, halitiririki kama uji wa kunywa. Likitiririka, ndizi zako zilikuwa na maji mengi. Ongeza kijiko kimoja au viwili vya chakula vya unga. Likikwama kabisa kwenye mwiko, ongeza kijiko kimoja cha maziwa. Mimina kwenye chombo, lisizidi nusu ya kimo chake, sawazisha juu, gonga chombo mara moja mezani kutoa viputo vikubwa.

Shusha chombo kwenye sufuria, kiwe katikati na pengo la vidole viwili pande zote. Funika. Na sasa usifunue kwa dakika 35. Najua ni vigumu. Ukifunua dakika ya 15, hewa ya baridi inaingia wakati kuta za viputo bado ni teketeke, gesi inasinyaa, na keki inashuka bila kupanda tena. Kwenye mkaa, dakika ya 25 ongeza makaa mapya yaliyowaka juu ya mfuniko bila kuuinua. Harufu itakuongoza: ya ndizi na sukari inaanza dakika ya 30 hivi, ya kuungua ikitangulia, punguza makaa chini mara moja.

Dakika ya 40 funua na ujaribu. Choma katikati kwa kijiti cha mshikaki mpaka chini. Kikitoka na rojo, funika, rudi baada ya dakika saba. Kikitoka na chembe mbili tatu zilizokauka, imeiva. Usingoje kitoke kikavu na kung'aa, kwa sababu ndizi ina unyevu wa kudumu, na ukiufukuza wote umekausha keki. Angalia pia kingo: zinapoanza kuachana na ukuta wa chombo, na katikati ukibonyeza kwa kidole panarudi, umefika. Kwa mkaa mara nyingi ni dakika 45 hadi 55, kwa gesi inaweza kufika 60. Ukipata oveni siku moja, ni nyuzi 185 kwa Arusha, 180 kwa Moshi, na uanze kuangalia dakika ya 40. Zile oveni ndogo za mezani zina waya wa moto karibu sana na juu. Weka rafu ya chini kabisa.

Toa, iache ndani ya chombo dakika 10 hadi 15. Ukiipindua ikiwa ya moto kabisa inavunjika. Ukiiacha saa nzima mvuke unageuka maji na chini panalowa. Pitisha kisu ukingoni, pindua, bandua karatasi, iache juu ya waya au chekecheo ipoe mpaka isiwe na joto hata kidogo. Ukiifunga ina joto itatoa ukungu mapema.

Ikipasuka juu, hakuna kosa. Juu pamekauka kabla ndani hapajamaliza kupanda, na keki za aina hii nyingi zinapasuka. Ikipasuka na kuinuka kama mlima mkali, moto wa juu ulizidi. Ikibonyea katikati tena, angalia kwa mpangilio huu: je, kijiti kilitoka bila rojo kweli? Je, ulifunua mapema? Je, kijiko cha beking pauda kilisawazishwa? Kama yote matatu yako sawa, punguza beking pauda iwe kijiko 1 na robo na usiguse kitu kingine. Badilisha jambo moja tu kila unapooka, la sivyo hutajua lililokusaidia.

Chini pakiwa peusi na katikati ni pabichi, ni moto wa chini, hata kama unadhani ulikuwa mdogo. Ongeza mchanga sentimita moja. Tabaka zito chini bila kuungua linatokana na ndizi nyingi au keki kutolewa mapema. Keki ndogo, ngumu, iliyokataa kupanda: beking pauda ya zamani, au rojo lilikaa likingoja moto.

Ukiihifadhi imefunikwa inakaa siku tatu kwa hali ya hewa ya Arusha, mbili Moshi kwenye joto. Siku ya pili ni tamu kuliko ya kwanza, maana unyevu wa ndizi umesambaa.

Ukishaiweza, njia ya kwenda mbele ni fupi. Kwa keki ya machungwa, toa ndizi na maziwa, weka maji ya machungwa robo tatu ya kikombe pamoja na ganda la chungwa moja lililokwaruzwa sehemu ya rangi tu, kwa sababu nyeupe ya ndani ni chungu. Sukari ipande iwe gramu 180. Machungwa ya Muheza yakiwa msimu yanafaa sana. Rojo lake litakuwa jepesi kidogo kuliko la ndizi, usishtuke, na litaiva kama dakika tano mapema. Kwa karoti, toa ndizi, weka gramu 200 za karoti zilizokwaruzwa nyembamba na yai moja la ziada. Maziwa yabaki kama yalivyo.

Sasa kipaimara. Usizidishe vipimo mara tatu ukavimimina kwenye sufuria moja kubwa. Kimo kikiongezeka, ukingo unaungua wakati katikati bado ni rojo, na sufuria ya mchanga haina njia ya kurekebisha hilo. Oka keki tatu au nne za sentimita 20, moja baada ya nyingine, ukichanganya rojo jipya kila mara. Kila moja inatoa vipande 12 vya heshima, au 16 vidogo. Wageni wakiwa wengi, iliyopambwa ikatwe mbele ya watu na nyingine zikatwe jikoni. Ndivyo shughuli nyingi zinavyokwenda.

Mapambo ya krimu ya majarini yaache kwa mwaka huu. Ni somo lingine kabisa, na kwenye jua la Desemba yanateleza kabla ya baba mchungaji kufika mezani. Chukua kikombe kimoja cha sukari ya unga, chekecha, tia kijiko kimoja na nusu cha chakula cha maji ya chungwa au ndimu, koroga mpaka iwe nzito inayomiminika polepole. Mwaga juu ya keki iliyopoa kabisa, iache ishuke pembeni yenyewe. Inakauka ndani ya saa moja na haiyeyuki kwa joto la kawaida. Oka siku moja kabla ya sherehe, mwagia sukari asubuhi, na keki zisafiri bila kupangwa moja juu ya nyingine.

Una miezi ya kufanyia mazoezi. Oka ya kwanza wiki hii, na andika pembeni ya vipimo muda uliotumia, jiko ulilotumia, na kijiti kilitokaje.